Hergé, Mchora Hadithi: Kazi Iliyojificha Nyuma ya Kitabu cha Tintin

Mtoto akipewa kitabu cha Tintin baada ya chakula cha jioni, kabla ya saa moja kupita amekwisha kukimaliza. Amecheka, ameogopa, amemwonyesha dada yake ukurasa uliompendeza, kisha anakianza upya. Baba humtazama na kusema: «Hayo ni mambo ya kuchezea tu.» Lakini kitabu hicho kisomwacho kwa saa moja kilikula mwaka mzima wa mtu mzima, na mara nyingine miaka miwili au zaidi, pamoja na jasho la wasaidizi wake. Kuchora hadithi ni ufundi kama useremala na uashi. Una zana zake, una uchovu wake, na tena una dhamiri yake, maana mwenye kuchora watu aweza kuwaheshimu au kuwadhulumu.

Wasomaji wapendwa, leo twataka kuwaingiza katika chumba cha kazi cha fundi mmoja wa namna hiyo. Jina lake ni Georges Remi, lakini ulimwengu humwita Hergé. Alizaliwa Etterbeek, mtaa wa Bruxelles, tarehe 22 Mei 1907, akafariki tarehe 3 Machi 1983. Hadithi zake zimefasiriwa katika lugha zaidi ya 70, na nakala zilizouzwa zimepita milioni 200. Hata hivyo sababu yetu ya kumchagua si wingi huo. Kitabu chake cha pili kilihusu nchi yetu ya Kongo, nacho kilituchora vibaya. Baada ya miaka michache tu mtu yule yule alikuja kujifunza kuchora kweli. Jambo hilo lilitokeaje?

Kijana wa gazeti

Georges Remi hakusomea uchoraji kwa miaka mingi. Alikuwa skauti, na picha zake za kwanza zilitokea katika gazeti la maskauti wa Ubelgiji. Tangu mwaka wa 1924 alianza kutia sahihi kwa herufi za mwanzo za majina yake zikiwa zimegeuzwa, yaani R na G, ambazo Mfaransa akizitamka husikika «Hergé». Alipomaliza shule mwaka wa 1925 aliajiriwa na gazeti la kila siku la Wakatoliki wa Bruxelles, Le Vingtième Siècle. Msidhani aliingia kwa heshima! Aliwekwa katika ofisi ya kuandika majina ya wanunuzi wa gazeti. Akaenda jeshini, akarudi mwaka wa 1927, na hapo ndipo alipopewa kazi ya picha.

Mkuu wa gazeti alikuwa Padri Norbert Wallez, mtu mwenye nguvu na mwenye kauli. Yeye ndiye aliyemkabidhi kijana huyo ukurasa wa watoto, Le Petit Vingtième, uliotoka kila Alhamisi tangu Novemba 1928. Tarehe 10 Januari 1929 Tintin na mbwa wake Milou walitokea humo kwa mara ya kwanza, wakisafiri kwenda Urusi. Mchoraji alikuwa na umri wa miaka 21. Siku zile huko Ubelgiji hadithi za picha zilikuwa na desturi ya kuandika maneno chini ya picha, kama maelezo. Hergé aliyatia maneno ndani ya kijiduara juu ya kichwa cha msemaji, kama walivyofanya Wamarekani, na kama Alain Saint-Ogan alivyoanza kufanya Ufaransa. Msomaji akawa anasikia kwa macho.

Kila juma kurasa mbili zilitakiwa, awe mzima au mgonjwa. Katika miaka ile ya mwanzo Hergé alianza safari bila kujua mwisho wake. Alimtumbukiza Tintin mtoni siku ya Jumatano, na juma lililofuata alijiuliza mwenyewe jinsi ya kumtoa.

Kongo asiyoiona

Baada ya Urusi, kijana alitamani kumpeleka Tintin Marekani. Padri Wallez akakataa: kwanza Kongo! Alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao. Hadithi ikaanza tarehe 5 Juni 1930, ikaisha Juni 1931.

Hergé hakuwa amefika Kongo hata siku moja, wala hakufika baadaye. Alichora kwa kufuata maneno yaliyosemwa katika nyumba za Bruxelles, na vitu vilivyowekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Yule mtu-chui wa kitabuni, kwa mfano, ana mfano wake pale Tervuren, sanamu ya anyoto ambayo wageni wengi wameiona. Matokeo mwayajua. Wakongomani wote wana sura moja, midomo mikubwa, Kifaransa kilichovunjika, na akili za kitoto. Gari la Tintin linagongana na gari la moshi, na gari la moshi ndilo linaloanguka! Mwishoni watu wanapiga magoti mbele ya sanamu ya Tintin na ya mbwa wake. Katika shule ya misheni Tintin anawafundisha watoto weusi juu ya «nchi yenu, Ubelgiji».

Je, hapakuwa na mtu wa kumweleza? Alikuwapo. Paul Panda Farnana, mzaliwa wa Kongo ya chini, alikuwa bwana shamba aliyesoma Ubelgiji. Mwaka wa 1914 aliipigania Ubelgiji huko Namur, akatekwa na Wajerumani. Na mwaka wa 1919 aliunda Bruxelles chama cha Wakongomani. Aliijua Ubelgiji, alikijua Kifaransa, na alijua kusema. Lakini mwaka wa 1929 alirudi kwao, na mwezi wa Mei 1930 alifariki Matadi, majuma machache kabla ya ukurasa wa kwanza wa hadithi ile kutoka. Hatusemi kwamba kijana wa Le Petit Vingtième angalimwendea. Twasema tu kwamba mlango ulikuwapo, wala hakuna aliyempeleka kubisha hodi.

Padri wa wanafunzi, na Mchina wa Jumapili

Miaka minne baadaye mtu mwingine alimpeleka kubisha hodi penginepo. Mwaka wa 1934 gazeti lilitangaza kwamba sasa Tintin angekwenda Uchina. Padri Gosset, aliyekuwa mlezi wa wanafunzi Wachina katika Chuo Kikuu cha Louvain, alisoma tangazo hilo akaingiwa na wasiwasi. Alikuwa na vijana Wachina chini ya ulinzi wake. Alijua jinsi Wazungu walivyowachora: suka refu mgongoni, kucha ndefu, ukatili machoni. Basi akamwandikia Hergé barua, akamsihi asichore kabla ya kuuliza, na akaahidi kumpatia watu wa kuuliza.

Hergé angaliweza kuitupa barua hiyo. Alikuwa na kazi ya juma kwa juma, na wasomaji wake hawakudai zaidi. Hakuitupa. Mwezi wa Mei mwaka ule ule, kijana mmoja Mchina alifika nyumbani kwake. Jina lake Chang Chong-jen, Mkatoliki wa Shanghai, mwanafunzi wa uchongaji katika Chuo cha Sanaa cha Bruxelles. Walikuwa na umri mmoja, kwa maana wote wawili walizaliwa mwaka wa 1907. Tangu hapo Chang akawa anakuja Jumapili baada ya Jumapili.

Walizungumza nini? Chang alimweleza historia ya Uchina, mashairi yake, na maonevu ya wageni waliojigawia mitaa ya Shanghai. Alimweleza jinsi Wajapani walivyotumia mlipuko wa reli karibu na Mukden, mwaka wa 1931, kuwa kisingizio cha kuitwaa Manchuria. Alimpa brashi za Kichina na kumwonyesha jinsi ya kuzishika. Alimfundisha kwamba mti unao uhai wake kama mtu, na mwenye kuuchora sharti autazame kwanza mpaka aujue. Tena mabango yote yaliyoandikwa kwa Kichina katika hadithi ile, yaliandikwa na mkono wa Chang mwenyewe. Msomaji wa Bruxelles aliona mapambo tu. Mchina aliyekipata kitabu alisoma matangazo ya kweli, na mengine yalipinga ubeberu waziwazi.

Hadithi hiyo, Le Lotus bleu, ilitoka tangu Agosti 1934 hata Oktoba 1935. Mna humo ukurasa mmoja ambao ningependa kila mwalimu ausome pamoja na wanafunzi wake. Tintin amemwokoa mtoto Mchina katika mafuriko ya mto Yang-tsé. Mtoto anaitwa Tchang. Anashangaa kwamba mzungu amemwokoa, kwa kuwa amefundishwa kwamba wazungu wote ni wabaya. Tintin naye anamsimulia upuzi ambao wazungu huusadiki juu ya Wachina. Wote wawili wanacheka mpaka basi. Na wale polisi wawili, Dupond na Dupont, wanapojivika mavazi ya Kichina ya kale ili wasitambulike, mji mzima unatoka nyuma yao kuwacheka. Mwaka wa 1931 kichekesho kilikuwa mwenyeji. Sasa kilikuwa mgeni asiyejua kitu. Wakubwa wa Japani walikasirika na kulalamika huko Ubelgiji. Wachina nao walishukuru, hata mwaka wa 1939 mke wa Chiang Kai-shek alimwalika Hergé nchini kwake. Vita vilizuia safari hiyo. Akafika Taiwan mwaka wa 1973, akiwa mzee.

Chang alirudi kwao mwaka wa 1935. Vita vya Japani vikaja, kisha mapinduzi, na habari zake zikakatika. Lakini desturi aliyoiacha katika chumba kile cha kazi haikukatika.

Jinsi kitabu kinavyofanyika

Tuingie sasa chumbani. Ukutani kuna makabati ya majalada. Ndani yake, chini ya kila jina la kitu, mmewekwa picha zilizokatwa katika magazeti: magari, meli, ndege, viti, bunduki, nguo za askari wa nchi mbalimbali, taa za barabarani. Hergé alikusanya hivyo maisha yake yote. Tintin akiingia motokaa, yafaa iwe motokaa inayopatikana sokoni mwaka ule. Mtoto anayejua magari ataitambua, na akiisha kuisadiki motokaa, atasadiki na hadithi.

Kwanza huja daftari. Hapo mchoraji huandika mawazo, majina, na vichekesho, na hukata zaidi kuliko anavyoandika. Kisha hupanga kurasa kwa vijipicha vidogo vya haraka, kila mraba na tukio lake. Mraba wa mwisho wa ukurasa una kazi ya pekee: ni lazima umwache msomaji na hamu, kwa kuwa atangoja juma zima. Tena kuna mwendo wa jicho. Sisi twasoma toka kushoto kwenda kuume. Kwa hiyo Tintin anayekimbia huelekezwa kuume, apate kwenda pamoja na jicho la msomaji. Mkimbizaji akielekea kushoto huonekana kama mtu apandaye mlima. Mambo madogo haya, wasomaji hawayaoni, na ni vizuri wasiyaone.

Baadaye huchukuliwa karatasi kubwa na kalamu ya risasi. Hapa watu waliomwona Hergé kazini walistaajabu. Katika kitabu mistari yake ni myepesi na safi, kana kwamba mkono haukusita kamwe. Juu ya karatasi hii ni vita! Alichora, akafuta, akachora juu ya alichofuta, kwa nguvu na kwa hasira, pengine mpaka karatasi ikatoboka. Mtu mmoja akiinuka kitini alimchora mara tano au kumi, mistari juu ya mistari, akitafuta ule mmoja unaobeba uzito wa mwili. Yeye na wasaidizi wake walisimama kwa zamu katikati ya chumba kuigiza: mmoja aanguke, mwingine ashike koti, wengine wachore.

Msitu huo wa mistari ukiisha, huwekwa juu yake karatasi nyembamba ipitishayo nuru, na mchoraji huchagua mstari mmoja tu kati ya hamsini. Ndio huo unaohamishwa kwenye karatasi safi na kutiwa wino kwa kalamu ya chuma. Hakuna vivuli, hakuna mikwaruzo ya kupendezesha. Mstari ni mweusi, wa unene ule ule kwa mtu na kwa jiwe. Mwaka wa 1977 mchoraji Mholanzi Joost Swarte aliupa mtindo huo jina la «mstari wazi», nalo limeshika.

Rangi hutiwa penginepo. Hupigwa chapa ya rangi hafifu ya ukurasa, ambayo juu yake watia-rangi hutumia rangi za maji, kila kitu na rangi yake moja isiyochanganywa. Mistari myeusi hubaki juu ya karatasi angavu na hukutana na rangi mtamboni.

Hata idadi ya kurasa ilikuwa na sababu yake. Vitabu vya kwanza, vyeusi na vyeupe, vilipita kurasa 100. Wakati wa vita karatasi ilipokuwa haba, nyumba ya Casterman huko Tournai, ambayo ilikuwa imechapa vitabu vyake tangu mwaka wa 1934, ilimtaka afuate kurasa 62 za rangi. Kwa nini 62? Kwa sababu mtambo huchapa karatasi kubwa ambayo ikikunjwa hutoa kurasa 16. Karatasi nne hutoa 64, na mbili huenda kwa jina la kitabu. Basi vitabu vya zamani vilibidi kuchorwa upya na kufupishwa, na kazi hiyo ilichukua miaka. Hesabuni wenyewe: kurasa 62, kila ukurasa miraba kumi na zaidi, inakaribia miraba 700 kwa kitabu kimoja. Na kila mraba umepita hatua zote tulizozitaja.

Miaka ya vita

Neno hili tulitaje kwa ufupi, lakini tusilifiche. Wajerumani walipoingia Ubelgiji mwezi wa Mei 1940, Le Vingtième Siècle lilifungwa. Hergé akakubali kuchora katika Le Soir, gazeti kubwa lililokuwa limenyakuliwa na kuendeshwa chini ya Wajerumani. Wengine walikataa kazi namna hiyo na kukaa na njaa. Nchi ilipokombolewa Septemba 1944, alikamatwa mara kadhaa, akakatazwa kuandika magazetini. Hakuhukumiwa mahakamani. Aliyemrudisha kazini alikuwa Raymond Leblanc, mtu aliyekuwa amewapinga Wajerumani kwa hatari ya maisha yake. Pamoja naye gazeti la Tintin lilianza tarehe 26 Septemba 1946. Watu wengi wa Ubelgiji hawakuyasahau mambo hayo, na haki yao.

Makosa mia moja thelathini na moja

Mtu mmoja hakuweza tena peke yake. Mwaka wa 1950 Hergé aliunda karakana yenye jina lake, pamoja na Bob de Moor, na baadaye Jacques Martin na wengine: huyu wa majengo, huyu wa mashine, wale wa rangi. Nyuso za watu wakuu alijiwekea mwenyewe.

Walipoianza safari ya Mwezini, walisoma vitabu vya wataalamu, wakaunda mfano wa roketi unaofunguka ili kila mchoraji ajue ngazi iko wapi na kitanda kiko wapi. Vitabu viwili vya Mwezini vilitoka mwaka wa 1953 na 1954. Wamarekani walitua Mwezini Julai 1969.

Alipohitaji meli ya mizigo kwa ajili ya Coke en stock, yeye na Bob de Moor walipanda meli kama hiyo kutoka Antwerpen mpaka Göteborg, wakichora kamba, milango na mabomba njia nzima. Na kitabu cha L'Île Noire, kinachotokea Uingereza? Wachapaji Waingereza walikikagua wakaleta orodha ya makosa 131: treni si zetu, polisi hawavai hivi, wazimamoto hawana gari la namna hii. Fundi mwingine angalikasirika. Hergé alimtuma Bob de Moor Uingereza mwaka wa 1961 akachore kila kitu mahali pake, na kitabu kizima kikachorwa upya, kikatoka mwaka wa 1966.

Hapo Mkongomani ana haki ya kuuliza swali. Makosa ya vifungo vya polisi wa Uingereza yalistahili kitabu kipya. Makosa juu ya watu wa Kongo je? Kitabu cha Kongo kilichorwa upya mwaka wa 1946 kwa rangi. Somo la «nchi yenu, Ubelgiji» likageuzwa kuwa somo la hesabu, na maneno mengine yakalainishwa. Nyuso zilibaki zile zile. Hakuna aliyetumwa Matadi wala Boma kuchora. Hergé mwenyewe, katika uzee wake, alikiri kwamba kitabu hicho alikichora kwa mawazo mabaya ya watu wa mazingira yake. Ni ungamo la kweli, nasi twalipokea. Ila kuungama si sawa na kuchora upya. Alipolaumiwa kwa ajili ya Coke en stock, ambamo Waafrika wanaosafiri kuhiji wanataka kuuzwa utumwani na Tintin anawaokoa, lawama ya gazeti la Jeune Afrique ya mwaka wa 1962 ilimfikia: chapa ya mwaka wa 1967 ilibadilisha maneno waliyotiwa vinywani. Mwaka wa 2007 Mkongomani mmoja akaaye Ubelgiji alishtaki kitabu cha Kongo mbele ya mahakama ya Bruxelles. Mwaka wa 2012 mahakama ilikataa kukipiga marufuku. Shauri likaisha, mazungumzo hayakuisha.

Theluji

Kazi ya kila juma inamla mtu. Hadithi ya Mwezini ilikatika Septemba 1950, ikarudi Aprili 1952 tu, kwa sababu mchoraji alikuwa amechoka rohoni hata hakuweza kushika kalamu. Mara nyingine alitoroka kazi bila kuaga.

Mwaka wa 1958 taabu ilikuwa kubwa zaidi. Nyumba yake ilikuwa inavunjika, moyo wake umegawanyika kati ya mke wake na mwanamke mwingine wa karakana, na dhamiri ilimchoma. Usiku aliota ndoto za weupe, weupe mtupu wa kutisha. Alimwendea daktari wa nafsi huko Zürich, naye akamshauri aache kazi. Hergé hakuacha. Akachora theluji.

Tintin au Tibet ni kitabu kisicho na mwovu yeyote. Ndege imeanguka katika milima ya Himalaya. Abiria wote wamesemwa wamekufa, na mmoja wao ni Tchang, yule mtoto wa mafuriko. Tintin anaota kwamba rafiki yake yu hai. Wenye akili wanamwambia arudi. Kapteni Haddock anamwambia arudi. Anakwenda, ukurasa baada ya ukurasa wa barafu, na anamkuta. Wasomaji hawakujua kwamba mchoraji alikuwa hajapata habari yoyote ya Chang wa kweli kwa miaka zaidi ya ishirini.

Chang alikuwa hai. Alikuwa Shanghai, mchongaji, aliyepitia mateso ya miaka ya mapinduzi ya utamaduni. Alipatikana kwa njia ya Wachina waliokaa Bruxelles, barua zikaanza, na tarehe 18 Machi 1981 ndege ilimleta Ubelgiji. Hergé alikuwa mgonjwa wa damu, amedhoofika. Miaka 46 ilikuwa imepita. Walikumbatiana mbele ya wapiga picha waliojazana, wazee wawili. Miaka miwili baadaye Hergé alifariki, akiacha kitabu cha 24 nusu-nusu, karatasi za kalamu ya risasi tupu. Alikuwa amekataa kwamba mtu mwingine amwendeleze Tintin, na hakuna aliyemwendeleza. Karatasi hizo zilichapwa mwaka wa 1986 kama zilivyo, na mwenye kutaka kuona msitu wa mistari tuliousema, na auone humo.

Na kalamu iko Kongo pia

Katika Kongo huru wachora hadithi hawakukosekana. Kinshasa, miaka ya 1990, Papa Mfumu'Eto alichora na kuchapa mwenyewe vijitabu kwa Kilingala, karatasi hafifu, bei ya mtu wa sokoni, naye alisomwa na watu ambao hawajapata kuingia duka la vitabu.

Barly Baruti alizaliwa Kisangani mwaka wa 1959. Kitabu chake Madame Livingstone, alichokifanya pamoja na Mfaransa Christophe Cassiau-Haurie, kilitoka mwaka wa 2014. Kinatupeleka ziwani Tanganyika wakati wa vita vya 1914, upande wa watu wetu waliobeba mizigo na bunduki katika vita visivyokuwa vyao. Rubani Mbelgiji ametumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anayemwongoza ni mwenyeji anayeijua nchi kuliko yeye. Humo nyuso za Waafrika zinatofautiana, mtu na mtu, kama zinavyotofautiana barabarani.

Meli hiyo si ya kubuniwa. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli na reli hadi Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka wa 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka wa 1924, wakaiita Liemba, nayo ikabeba abiria vizazi na vizazi. Mwaka wa 1997, baada ya vita, iliwavusha kutoka Kigoma makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi kwao. Wengi wao wangali hai, Uvira na vijiji vya pwani ya ziwa, na wanaweza kuulizwa sitaha ilikuwaje, mizigo ilifungwaje, na watoto walilala wapi.